"Kundi la kulinganishia" ni nini hasa?

Tuseme mtaa mmoja pale Soweto, Mbeya, wameanzisha ulinzi shirikishi mwezi wa tano, vijana wana filimbi na tochi, afu mwezi wa saba mwenyekiti anasimama kwenye mkutano anasema wizi umeshuka nusu, makofi. Sawa, ila baridi ya huku ya Juni na Julai si unaijua, saa mbili usiku kila mtu kashajifungia, hata mwizi mwenyewe anatetemeka. Sa kilichopunguza wizi ni doria au baridi?

Ndo maana watafiti wanatafuta kundi la kulinganishia, yaani mitaa inayofanana na huo ila haina doria, wanahesabu wizi wa huko kwa miezi ileile. Kama na Ilomba, sehemu nyingine ya Mbeya isiyo na doria, wizi umeshuka nusu bila filimbi yoyote basi doria haina cha kujisifia (na ukikuta Ilomba umepanda ghafla, jiulize kama wezi hawajahamia tu).

Mtaa upi upate doria unaamua kwa bahati nasibu, kama kuokota kikaratasi, huchagui mwenyewe. Ukienda kwenye ule ulioibiwa kuliko yote mwezi uliopita, ni kawaida wizi wake ukashuka wenyewe hata usipofanya kitu, maana huenda ule mwezi ulikuwa mbaya tu kwa bahati.

Marekani walilijaribu hili Kansas City mwaka 1972 hadi 1973. Maeneo 15 ya doria wakayagawa matatu: matano hakuna gari la polisi kuzunguka mpaka mtu apige simu, matano kama kawaida, matano wakaongeza magari mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, na uoga wa wananchi vilevile, wengi hata hawakushtuka kwamba kuna kilichobadilika! Ila msikimbilie kusema doria haisaidii, kilichopimwa pale ni magari ya kuzungukazunguka eneo zima. Baadaye Minneapolis walichukua kona 110 zenye fujo, nusu wakaziongezea polisi, na huko simu za kuripoti uhalifu zikapungua.

Halafu kuna ishu ya kuhesabu, na hii mimi ndo naona inaharibu zaidi. Kansas City hawakutegemea daftari la polisi peke yake, waliwauliza na wakazi na wenye maduka. Maana mtu kaporwa simu Mwanjelwa, akipiga hesabu ya bajaji na muda wa kusubiri RB (namba ya taarifa ya polisi) anaona bora anunue nyingine, na huyo kwenye takwimu za kituo hajaibiwa.