Jiwe la mizani la nyota

Wengi hapa Dar huamini darubini ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) husoma mwanga wa nyota moja kwa moja, kama kipimajoto kwapani. Sivyo. Kigunduzi, kifaa cha ndani ya darubini kinachonasa mwanga, hutoa umeme kidogo tu. Bila cha kulinganisha nao, namba hiyo haisemi kitu. Muuza mchele Kariakoo huweka jiwe la kilo upande wa pili wa mizani. Wanaastronomia hutumia nyota sanifu: kwa modeli ya kihesabu ya angahewa yake, yaani gesi zake za nje, hukokotoa mwanga inaopaswa kutoa, kisha hulinganisha na ulionaswa.

Na jiwe nalo hukaguliwa. Mwaka 1983, darubini ya infraredi ya angani IRAS ilipokuwa ikisawazishwa kwa nyota Vega, iliikuta inang'aa kupita hesabu: kumbe imezungukwa na vumbi! Nakipenda mno kisa hiki. Leo darubini ya angani James Webb haitegemei jiwe moja: hutumia nyota sanifu za aina kadhaa.