Kwa nini kuna watu wanaohesabu magari kando ya barabara?

Vijana wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki pembeni mwa barabara kuu, chini ya mwavuli, kila mmoja na karatasi mapajani. Lori likipita, mmoja anachora kijistari. Vikifika vinne, cha tano kinavikata kwa mshazari. Bodaboda ina safu yake, daladala ina yake, basi kubwa, Fuso, semi-trela, kila aina kivyake. Sisi abiria huwapita bila kuwajali. Kumbe vijistari hivyo ndivyo vinavyomwambia mhandisi lami iwekwe nene kiasi gani, na kama barabara ipanuliwe au isubiri.

Lakini mbona wanahangaika kuyapanga magari kwa aina? Si wangehesabu tu jumla yake?

Jibu lilipatikana Marekani, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Kati ya 1956 na 1958 zilijengwa barabara za duara za majaribio, vipande vingine vyembamba na vingine vinene, kisha wanajeshi wakaendesha malori juu yake mchana na usiku kwa takriban miaka miwili. Uzito wa kila ekseli, yaani mhimili unaounganisha matairi ya kushoto na ya kulia, ulijulikana, na kila ufa uliandikwa. Ilionekana kwamba uharibifu wa barabara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Yaani ukiongeza uzito mara mbili, uharibifu unaongezeka mara 16.

Fanya hesabu hiyo kwa barabara zetu. Gari dogo la tani moja lina nusu tani kwenye kila ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Ekseli hiyo moja ya tani 10 inaichosha barabara sawa na ekseli 160,000 za gari dogo. Sasa dereva akubali kuongezewa mzigo hadi ekseli ifike tani 12: zimezidi mbili tu, lakini madhara ni zaidi ya maradufu. Ndiyo maana pale mizani, kama Vigwaza au Mariakani, lori hupimwa ekseli kwa ekseli. Likiwa na uzito halali kwa jumla bado linaweza kukamatwa kwa sababu mzigo umelalia nyuma. Dereva hulalamika, na foleni ya mizani inachosha kweli, ila mimi naitetea barabara.

Kwenye nchi zenye uwezo, kazi ya vijana wale hufanywa na mpira mweusi uliolazwa kukatiza barabara. Tairi linapoukanyaga, hewa inasukumwa hadi kwenye kisanduku kilichofungwa pembeni, nacho kinaandika sekunde ileile. Ikilazwa mipira miwili, kisanduku kinapata mwendo wa gari na umbali kati ya ekseli zake, na kwa hayo kinaitambua aina ya gari. Huko Marekani, tangu 1978, kila jimbo hupeleka takwimu za barabara zake kwa serikali kuu kila mwaka: wastani wa magari kwa siku, idadi ya njia, jinsi lami isivyo laini na mabonde yake. Takwimu hizo hutumika katika kugawa fedha za barabara na katika ripoti inayopelekwa bungeni.

Na Afrika Mashariki si mwanafunzi tu katika elimu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza na Benki ya Dunia walizipima barabara za Kenya, za lami na za changarawe: changarawe inapukutika kwa kasi gani, na barabara mbovu inamgharimu mwenye gari kiasi gani kwa matairi, vipuri na mafuta. Matokeo yalitoka mwaka 1975. Kutokana na utafiti huo, na mwingine uliofuata katika nchi nyingine, ilizaliwa programu ya kompyuta iitwayo HDM, ambayo toleo lake la nne linatumika leo katika nchi nyingi kupima kama barabara fulani italipa gharama yake. Vumbi la Kenya limo ndani ya hesabu za dunia nzima, na wachache wanalijua hilo.

Ila programu hiyo haina macho. Inategemea karatasi ya kijana chini ya mwavuli. Kuhesabu kwa kawaida huchukua siku saba, maana siku ya gulio na Jumapili hazifanani, na baadhi ya siku lazima zihesabiwe saa 24. Usiku ndio mgumu: baridi, usingizi, taa za malori zinazokupofua. Tuseme kijana amechoka, akajaza safu ya saa nane usiku kwa kukisia, akaandika semi-trela kumi wakati zimepita thelathini. Hakuna atakayegundua ofisini. Semi-trela ishirini ambazo hazikuandikwa zitarudi usiku wa kesho, na wa keshokutwa, zikiwa na mzigo wake wote, juu ya lami iliyosanifiwa bila kuzijua.