Kasuku Hanywi Chai

Dar es Salaam mgeni akija hukaribishwa barazani apate upepo, huletewa chai na mkate, na kukiwa na shughuli hupitishiwa chetezo cha udi. Ndege tunayemfuga tunamkirimu vivyo hivyo. Nimefuga ndege Magomeni miaka kumi na ushee, wengi wao bajeriga, vile vikasuku vidogo vya asili ya Australia, na chiriku wa njano. Niliowazika, karibu wote niliwaua kwa ukarimu. Kwa hiyo haya ninayoyasahihisha hapa, mengine niliyaamini mwenyewe.

“Udi unanukia vizuri, utamdhuru nini?”

Utamdhuru pumzi. Sisi tukivuta hewa, huingia na kutoka kwa njia ileile, na nyingine hubaki mapafuni. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini vinavyoisukuma ipite mapafuni upande mmoja tu, akivuta na akitoa. Hewa safi haikatiki, ndiyo maana anaweza kuruka mwendo mrefu bila kuhema kama sisi tunaokimbilia daladala. Lakini kifua kinachonyonya hewa vizuri namna hiyo hunyonya na sumu vizuri vilevile. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na chiriku wa njano tunduni, kwa sababu gesi ya sumu ilimwangusha yeye kabla ya kumwangusha mtu. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986 tu.

Sasa tazama hewa ya nyumba zetu ikifika magharibi: jiko la mkaa koridoni, dawa ya mbu ya kuchoma pembeni ya mlango, ya kopo chumbani, udi sebuleni, na kijana wa nyumba anajipulizia marashi atoke. Mwaka wangu wa kwanza nilipuliza dawa ya mbu chumbani, nikafunga madirisha kama kopo linavyoagiza, tundu nikalifunika kwa khanga nikijiona nimewakinga. Asubuhi bajeriga wawili walikuwa wamelala chini ya tundu, miguu juu. Tangu siku hiyo tundu langu lina chandarua chake, kama kitanda.

Kuna na hatari isiyonuka wala kuonekana. Vikaango vile vyeusi ambavyo chakula hakigandi vimepakwa utando ambao, kikaango kikisahaulika motoni kikiwa kitupu, hutoa gesi inayoweza kuua ndege kwa dakika chache. Wewe uliye jikoni unaweza usihisi kitu. Mwenye ndege na apikie sufuria ya kawaida, au tundu likae mbali na jiko na dirisha liwe wazi.

“Anapenda chai ya maziwa, mpe tu.”

Anapenda kweli. Kasuku wa shangazi yangu, Ilala, alikuwa akigonga bakuli lake kwa mdomo kila asubuhi mpaka aletewe mkate uliolowekwa kwenye chai. Lakini ndege hanyonyeshwi; tumbo lake halina uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, nayo humharisha. Majani ya chai yana kafeini, ambayo moyo wake mdogo hauihitaji. Kahawa na chokoleti ni mbaya zaidi.

Parachichi ndilo ninalolipigia kelele kuliko yote, maana Dar halikosekani mezani na kila mtu anajua ni tunda la afya. Kwa mtu, sawa. Lina kemikali iitwayo pesini ambayo huharibu moyo wa ndege, na kipande kidogo kinaweza kumuua. Usimwonjeshe hata kwa mzaha.

Kisha kuna alizeti. Muuzaji atakuambia kasuku anakula mbegu, basi, na kasuku mwenyewe atamuunga mkono kwa kuchagua alizeti na kumwaga vingine vyote. Mbegu zile zina mafuta mengi, na kalsiamu na vitamini A kidogo mno. Akila hizo peke yake miaka mitatu minne, ini linajaa mafuta. Kasuku wa kijivu ndiye anayeumia zaidi kwa kukosa kalsiamu, hata akaanza kutetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa. Dawa iko kwenye genge la mama wa mboga: mchicha, matembele, majani ya maboga, karoti, kipande cha boga, papai, embe, hindi bichi. Maharage pia, ila yachemshwe hadi yaive, kwani yakiwa makavu yana sumu. Atagoma wiki ya kwanza. Mpe asubuhi akiwa na njaa, mbegu zije baadaye, na usikate tamaa.

“Mpe pilipili, ulimi utafunguka aseme.”

Hii naipenda kwa sababu nusu yake haina madhara. Kasuku atatafuna pilipili kichaa kama wewe unavyotafuna karanga, nawe utashangaa. Hana ushujaa wowote; ndege hausikii ule ukali kabisa. Pilipili huwachomea wanyama wanaosaga mbegu kwa meno, na huwaacha ndege wale, wakazidondoshe mbegu mbali, pamoja na kinyesi chao. Ndiyo sababu mche wa pilipili huota mwenyewe chini ya ua ambako hakuna aliyepanda. Basi mpe, ina vitamini. Kusema hatasema kwa hiyo.

Nusu ya pili, ile ya kumkata ncha ya ulimi ili “aongee vizuri,” ni ukatili mtupu. Sauti ya ndege haitoki mdomoni. Inatengenezwa chini kabisa ya koo, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Kinachomfundisha kusema ni wewe kukaa naye na kurudia neno lilelile wakati wa jambo lilelile.

Na tukiwa kwenye kusema: walimu wetu walitukaripia kwa “kukariri kama kasuku,” maana yake kusema bila kuelewa. Nadhani tulimsingizia. Mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu mwaka 1977, akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Hadi alipokufa mwaka 2007 Alex alijua maneno yapatayo mia moja, aliweza kutaja rangi na umbo la kitu alichoonyeshwa, na kuhesabu hadi sita. Ndege mwenye kichwa cha namna hiyo ukimweka peke yake kwenye tundu lisilo na cha kuchezea, hung'oa manyoya yake mwenyewe. Watu husema anabadilisha manyoya. Anayebadilisha hupukutisha kidogo kidogo na mapya huonekana yakiota; anayejing'oa hubaki kifua kitupu huku kichwa, ambako mdomo haufiki, kimejaa manyoya.

“Barazani ndiko kwenye hewa.”

Hewa ipo, na jua pia. Ndege hatoi jasho; Januari ukimwona anahema mdomo wazi na mbawa ameziachanisha na mwili, ameshazidiwa. Halafu kuna kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni India na walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, hawaogopi tundu hata kidogo. Watatu huja, mmoja anamtisha ndege upande huu, wenzake wanamsubiri upande wa pili penye nyaya, wamnyofoe mguu. Tundu la barazani liwe na mgongo wa ukuta, kivuli cha uhakika na mtu karibu.

 

“Mradi nimemlipia, ni wangu.”

Hapa watu hawapendi kusikia. Kasuku wa kijivu ni wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na tangu Januari 2017 CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Kasuku mdogo wa Fischer, mwenye uso wa rangi ya machungwa, ni wa kwetu hasa, wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Akikujia mtu njiani na boksi lenye matundu, muulize kibali. Asipokuwa nacho, achana naye, na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ndio wa kuwauliza. Bajeriga na chiriku wa njano waliozaliwa tunduni hawana kesi hiyo, na kwa anayeanza wanatosha.

“Siku hizi ametulia, amenizoea.”

Huenda anaumwa. Porini ndege anayeonyesha ugonjwa ndiye mwewe anayemchagua, kwa hiyo huficha mpaka asiweze tena. Ukimwona amejivimbisha manyoya mchana, analala sana, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, au amekaa chini ya tundu, usisubiri kesho.

Mimi nilinunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Bajeriga ana gramu 30 hadi 40 hivi, kwa hiyo akipungua tatu au nne tayari ni jambo. Ninawapima kila Ijumaa asubuhi kabla hawajala, naandika kwenye daftari lililofungwa kwa uzi pembeni ya tundu. Daktari wa mifugo ninayemwendea amezoea kuku na mbwa zaidi, na mara ya kwanza aliniambia hivyo bila kuficha. Alipoliona daftari alilisoma ukurasa hadi ukurasa kabla hajamgusa ndege.