Kustaafu Diani: onja maji kwanza, bahari utaiona baadaye

Mtu wa bara anayekaribia miaka 60 akianza kutafuta nyumba ya kustaafia kati ya Tiwi na Galu, kwenye ukanda wa Diani kusini mwa Mombasa, swali lake la kwanza huwa ni meta ngapi hadi ufuoni. Mimi humwelekeza kisimani. Onja maji, na uyaonje mwezi Machi, upepo wa kaskazi unapokwisha na masika hayajashuka. Wakati huo maji ya chini yamepungua, na kisima kilichokuwa kitamu Juni huonyesha tabia yake halisi.

Sababu iko chini ya miguu. Ukanda wa Diani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi. Maji ya mvua huzama humo na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwa chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu hukadiria kwa uwiano wa 1 kwa 40: kila meta moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban meta 40 chini ya usawa huo. Ukiyashusha kwa meta moja kwa kuvuta mfululizo, chumvi nayo huanza kupanda kuelekea kisima chako, na hupanda kwa kiasi kikubwa kuliko ulichoshusha. Ndiyo maana napendelea pampu ndogo inayojaza tanki polepole kwa saa nyingi. Pampu kubwa inayomaliza kazi kwa nusu saa ndiyo inayoharibu kisima. Na fundi akikuambia tatizo la chumvi litaisha ukiongeza kina, mkatalie. Kila meta unayoongeza inakusogeza karibu na bahari.

Peleka sampuli mbili maabara, moja ya kloridi, yaani kipimo cha chumvi, na nyingine ya vijidudu. Kloridi ikizidi miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuihisi, na mwenye presha aliyeagizwa kupunguza chumvi amuulize daktari wake kabla ya kuyanywa. Vijidudu hutoka vyooni: matundu yaleyale ya mwamba hupitisha maji taka upesi bila kuyachuja. Sikubali chini ya meta 30 kati ya kisima na shimo la choo, na kipimo hicho kifike hadi kwenye shimo la jirani.

Hata ukiwa na mfereji, weka akiba ya mvua. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya paa la meta 100 za mraba ni lita 100. Mvua ya milimita 50 ingetoa lita 5,000. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kuosha paa, zibaki 4,000. Watu wawili wanaotumia jumla ya lita 200 kwa siku wamepata siku 20. Hesabu hii haifai kwa paa la makuti, kwani maji yake hutoka na rangi na uchafu.

Makuti yenyewe nayapenda, nyumba inapoa kweli. Lakini yanataka mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi ili maji yateremke haraka. Paa lililolala hubaki na unyevu, huoza mapema na kuvuja, na mzee wa miaka 75 hataki kusimamia mafundi wa kuezua kila mara. Moto nao ni hatari ya kweli, kwa hiyo jiko la mkaa liwe mbali na ukingo wa paa. Maelewano ninayoyashauri ni makuti kwenye baraza, na bati lililopakwa rangi kiwandani juu ya vyumba vya kulala.

Chumvi ya hewani ndiyo inayokula nyumba za huku. Hupenya kwenye zege, ikafika kwenye nondo, nondo ikashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichogeuka kutu, hivyo zege hupasuka kutoka ndani na vipande huanguka. Kinga ni zege la milimita 50 kati ya nondo na hewa upande unaopigwa na upepo wa bahari. Mchanga wa baharini usikanyage kiwanja chako, na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi. Unaponunua nyumba iliyokwisha kujengwa, angalia chini ya mihimili na pembe za nguzo: mstari mwembamba wa rangi ya kahawia unaofuata nondo maana yake kazi imeshaanza ndani, na kupaka rangi upya ni kuificha tu. Ukiweza, chagua nyumba ya safu ya pili au ya tatu kutoka baharini. Unatembea dakika kumi zaidi, na bawaba, feni na friji zako zinaishi zaidi.

Upande wa ardhi, pwani ina historia yake. Sheria ya hati ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wadai haki zao rasmi. Maeneo yasiyodaiwa yakahesabiwa kuwa ya serikali, ilhali watu walikuwa wakiyaishi. Ndipo ukute hati ni safi na shambani kuna familia, minazi na makaburi ya mababu. Usimalizie kazi kwenye utafutaji rasmi wa hati katika afisi ya ardhi ya Kwale. Nenda na mpima ardhi mkatafute mawe ya mpaka, kisha mkae na wazee wa mtaa muwaulize nani analima pale. Barua ya ugavi, ile ya kugawiwa kiwanja na serikali, si hati. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Asiye raia wa Kenya hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Na ukinunua leo ili uje kujenga ukistaafu, usikiache kiwanja bila mtu: anayekikalia waziwazi bila ruhusa yako kwa miaka 12 anaweza kukidai mahakamani.

Mume na mke wanaweza kuandikishwa kama wamiliki wa pamoja, ili mmoja akifariki mwenzake abaki na ardhi bila kesi ya mirathi. Wengi husahau kumwambia wakili.

Kabla ya yote hayo, panga nyumba Ukunda mwaka mzima, uonje kusi na kaskazi. Pima muda wa kufika hospitali ya Msambweni, na muda wa kufika Mombasa kisiwani kivuko cha Likoni kikiwa na foleni. Barabara ya Dongo Kundu imewafaa sana wanaokwenda Miritini au uwanja wa ndege, ila kwa mgonjwa anayepelekwa kisiwani bado ni kuzunguka. Aliyetoka Nyeri au Nairobi hana kinga ya malaria: alale ndani ya chandarua chenye dawa, na akipata homa apimwe siku hiyohiyo. Mwenye kutumia insulini asitegemee mtungi wa udongo umeme ukipotea, kwa sababu mtungi hupoza kwa maji kukauka, na hewa ya Diani ina unyevu mwingi mno. Anunue friji ndogo ya sola kabla ya kununua samani za baraza.