Je wajua: wanasayansi wanajuaje joto la dunia limeletwa na binadamu na sio jua?

Kila mkipiga stori za joto hakosekani mtu wa kusema aah, dunia tangu enzi inapanda na kushuka, hilo ni jua tu. Na ana haki ya kuuliza, maana dunia tunayo moja, utapata wapi nyingine isiyo na magari wala viwanda uilinganishe?

Sasa hiyo nyingine ndo wanaitengeneza kwenye kompyuta. Modeli inaikata dunia vipande vipande, hewa, bahari, barafu, kila kipande kinapigiwa hesabu za fizikia, joto linaingia kiasi gani, linatoka kiasi gani, upepo unalipeleka wapi. Kisha wanaiendesha mara mbili, kwanza na jua na volkano peke yake, halafu wanaongeza na moshi wetu. Ile ya kwanza joto tangu 1850 halisogei kivile, ya pili inapanda sawa na vipimajoto. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inasema binadamu kachangia kama nyuzi 1.07 za Selsiasi, jua na volkano hazizidi 0.1, iwe kupanda au kushuka.

Ila kilichonimaliza ubishi mimi ni kingine. Jua lingekuwa ndo limezidisha moto, hewa ingepata joto juu mpaka chini. Mwaka 1967 wanasayansi Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walipiga hesabu, kwa kompyuta ambayo hata simu yako ya bei chee inaiacha mbali, wakaona hewa ya kaboni, ile ya kwenye moshi wetu, ikizidi huku chini kunachemka lakini kule juu kwenye stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya hili letu) kunapoa, kwa sababu kule kaboni inalitema joto liende zake angani. Miaka baadae maputo na satelaiti zikakuta hivyohivyo (ozoni kuharibika nako kumechangia, ila peke yake hakutoshi). Yaani mtuhumiwa kaacha alama za vidole, na namna ya kuzitafuta aliileta mwanasayansi mwingine, Klaus Hasselmann, ndo maana 2021 yeye na Manabe walikuwemo kwenye Nobeli ya fizikia.

Na ukisema modeli zinapikwa ili zikubaliane na yaliyopita, kumbuka mlima Pinatubo wa Ufilipino ulivyolipuka Juni 1991. Timu ya mwanasayansi wa tabianchi James Hansen ikaendesha modeli, ikatabiri dunia itapoa karibu nusu nyuzi halafu joto lirudi. Ikapoa, likarudi.