Medali za babu: msizigawane kabla hamjasoma hii

Kuna swali tunaulizwa sana hapa makumbusho, sana sana baada ya mazishi wakati familia inagawana vitu vya mzee. Hizi medali ziko tano zimeshonwa pamoja kwa pini moja, na sisi watoto tuko watano, si kila mtu achukue yake? Tafadhali, msifanye hivyo, na wacha nieleze ni kwa nini maana tumeshapoteza historia nyingi sana hivi hivi.

Wazee wetu wengi walipigana Vita ya Pili ya Dunia wakiwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), wakaanza na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia mpaka mji wa Gondar ukaanguka Novemba 1941, halafu wengine wakapandishwa meli wakaenda Burma ambayo leo ni Myanmar, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita bonde la Kabaw kwenye mvua, matope na malaria mpaka mto Chindwin. Mzee aliyepitia yote hayo, mara nyingi utampata na medali tano: nyota ya 1939-45, nyota ya Afrika, nyota ya Burma, medali ya ulinzi na medali ya vita. Shida ni kwamba hizo zote alipewa bila jina. Wahindi na watu wa Sauzi waliandikiwa majina kwenye zao, lakini askari wetu hakuandikiwa chochote, ukigeuza nyota nyuma unakuta chuma tupu. Kwa hivyo kitu kinachosema hizi ni za mzee fulani ni ile safu yenyewe vile alivyoivaa, pamoja na cheti chake cha kutoka jeshini. Ukichomoa nyota ya Burma ukaenda nayo Kayole na ndugu yako akabeba ya Afrika akapeleka Nakuru, baada ya miaka ishirini hakuna mtu duniani ataweza kuonyesha zilikuwa za mtu mmoja, hata sisi wataalamu.

Na safu inasomwa. Anza upande wako wa kushoto ukiiangalia, huo ndio ulikuwa karibu na katikati ya kifua. Medali ya ushujaa hutangulia, zinafuata za vita kwa mpangilio wake, ile ya utumishi mrefu inakaa mwisho. Ukiona nyota ya Burma imetangulia ya Afrika jiulize, huenda fundi alikosea ama kuna mtu alizishona upya baadaye. Sasa igeuze. Angalia uzi, je ni wa rangi moja kote? Angalia utepe, mbele umepauka kwa jua lakini nyuma bado rangi imekolea, hiyo ni dalili nzuri. Angalia kama kuna vitundu vya sindano mahali pasipo na medali, maana yake kuna moja ilitolewa, na hapo ndipo unarudi kwa shangazi unamuuliza polepole nani aliichukua.

Zile za Vita ya Kwanza ni tofauti, hizo zina jina. Shika tochi ya simu uimulike kwa ubavu, kwenye ukingo utaona namba, cheo, jina na kikosi. Batalioni ya 3 ya KAR ni ya huku Kenya, ya 4 ni Uganda, ya 1 ni Nyasaland ambayo leo ni Malawi, kwa hivyo jina pekee lisikudanganye mtu alitoka wapi. Walaghai nao hufuta jina la zamani wakaandika jipya, ndio maana sisi tunapima na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana. Medali ya fedha ya vita hiyo inafaa iwe na upana wa milimita 36, ikipungua ujue ukingo umesuguliwa.

Kuna moja familia nyingi huficha. Ni ya fedha, utepe wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na juu yake kibao kimeandikwa KENYA. Walipewa waliotumikia serikali ya kikoloni hapa kati ya 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956, wakati wa vita vya Mau Mau. Naelewa uchungu wake, kuna boma ambazo mtoto mmoja alikuwa msituni na mwingine KAR, na kuna watu wameitupa chooni kabisa. Nawaomba msiitupe. Ina jina na namba ya mtu, na mjukuu anayetaka kujua ukweli wote wa boma lao, pande zote mbili, ataihitaji. Kwa wanaonunua: medali hii ilianzishwa 1902 na ina sura tatu tu za watawala, Edward VII, George V na Malkia Elizabeth II. Kibao cha KENYA kinakaa na sura ya malkia, ukiuziwa kikiwa kwa medali yenye sura ya mfalme kuwa na shaka kubwa sana.

Kuhusu usafi, usiguse Brasso wala stilwuli, zinakula herufi. Usiifunge kwa karatasi ya nailoni inashika unyevu, tumia kitambaa safi cha pamba, na piga picha mbele na nyuma kabla ya kufanya chochote.

Utafiti unaweza kuanza bila pesa nyingi. Nyaraka za Taifa ziko pale Moi Avenue, Nairobi. Tuzo za ushujaa zilichapishwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, unasoma bure kwa simu. Makaburi ya vita ya Ngong Road yana ukuta wa majina ya wasio na kaburi, na hapo utamkuta sajini Nigel Leakey wa KAR, aliyepewa Msalaba wa Victoria, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa kule Colito, Ethiopia, 19 Mei 1941.

Ukija kwetu leta safu nzima, cheti hata kama kimechanika, na picha yoyote ya mzee akiwa amevaa sare. Tunazipiga picha, tunaandika maelezo, na unarudi nazo nyumbani. Kama mmeshagawana, pigianeni simu mkutane mje pamoja, ama kila mmoja atume picha ya aliyo nayo, tuandike mahali pamoja wakati bado mnakumbuka nani alichukua gani.