"Sorry" si pole

Wiki hii nilikuwa nikisahihisha daftari la kijana anayejiandaa kuwaongoza wageni wa Hifadhi ya Gombe, nikakuta "pole na safari" imegeuzwa kuwa "sorry for the journey". Nilipomwuliza, alijibu kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, si kila mtu anajua kuwa sorry ni pole?" Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno hapa Kigoma, nami sikubaliani nalo.

"Sorry" ni kivumishi cha kale, chenye undugu na neno la Kiingereza linalotaja kidonda na maumivu, nacho hueleza moyo wa msemaji: mimi ndiye mwenye masikitiko, na mara nyingi mimi ndiye mkosaji. Pole humwelekea msikilizaji. Ndiyo maana wakiwa wengi tunasema poleni, na aliyepewa pole hujibu, "Nimeshapoa." Abiria anaposhuka kwenye treni pale stesheni, baada ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, tunampa pole kwa kuwa amechoka, wala hakuna aliyemkosea.

Niliwahi kuona wimbi la Ziwa Tanganyika likimlowesha mgeni hadi kifuani. Kiongozi wake, ambaye hata usukani hakuushika, akasema "sorry" kwa huruma ya kweli, na mgeni akamjibu kwamba halikuwa kosa lake. Kijana akaduwaa, maana hakuwa ameomba msamaha.

Si kwamba kivumishi hiki hakina huruma. "I am sorry to hear that" inafaa kabisa kwa aliyepatwa na msiba, ilhali "I feel sorry for you" ni kumwonea mtu huruma kama aliye chini yako, na mfiwa hastahili kuambiwa hivyo. Kikitangulia nomino, kama katika "a sorry state", maana yake ni hali duni.

Kinachonisumbua ni hiki: tangu Kenya na Uganda hadi Nigeria na Ghana, wazungumzaji wa Kiingereza humwambia "sorry" mtu aliyejikwaa, nao huelewana vizuri. Je, nina haki gani ya kuliita kosa? Kwa sasa hiyo ninaipitisha. "Sorry for the journey" ninaikata, na ninawafundisha vijana wamwulize mgeni kama amesafiri salama, kwa kuwa Kiingereza hakina neno moja la kumpoza msafiri.